Innsbruck, Mji wa Kulala Njiani

Innsbruck, mji mkuu wa jimbo la Tyrol nchini Austria, umekuzwa na barabara. Anayetoka Ujerumani kwenda Italia hana budi kuvuka Milima ya Alpi, na upenyo wa Brenner, wenye kimo cha mita 1,370 hivi, ni miongoni mwa njia za chini zaidi za kuivuka. Mji uko upande wa kaskazini wa upenyo huo, pale barabara inaposhuka na kukutana na Mto Inn. Warumi walikuwa na kituo chao hapo, Veldidena, ambapo sasa ni mtaa wa Wilten.

Mji wenyewe ulianza na daraja. Katika karne ya 12 watawala wa ukoo wa Andechs walikuwa na soko ng'ambo ya kaskazini ya mto. Mwaka 1180 walipatana na watawa wa Wilten, wakapata ardhi ng'ambo ya kusini, na soko likahamia huko. Hati ya mwaka 1239 iliupa mji haki iliyoutajirisha: bidhaa zilizopita sehemu hiyo ya bonde zilipaswa kuwekwa katika ghala lake. Kusimama Innsbruck, basi, hakukuwa hiari ya msafiri.

Uchukuzi wenyewe ulizidi kuwachelewesha watu. Hariri na viungo vya Venice havikubebwa na mchukuzi mmoja hadi Augsburg. Wakulima wenye mikokoteni walipokezana: kila kundi lilifikisha mzigo kituo kinachofuata, likaushusha, likarudi kwao. Mwenye mali alingoja zamu, na huku akingoja alikula, akanywa, akalala na kulisha farasi wake, yote kwa fedha yake. Nyumba ya wageni ya Goldener Adler inahesabu umri wake tangu mwaka 1390. Mitaa ya mji wa kale inaeleza biashara hiyo hadi leo: sakafu za chini za nyumba zimejengwa kwa matao yanayofanya mabaraza marefu, ambapo mtu huweza kununua na kuuza mvua ikinyesha au theluji ikianguka.

Mnamo 1420 watawala wa Tyrol walihamishia makao yao hapo. Kaizari Maximilian I aliupenda mji huu kuliko mingine, na roshani yake iliyokamilika mwaka 1500 ingali inavuta macho: paa lake limeezekwa kwa vigae vya shaba zaidi ya 2,600 vilivyopakwa dhahabu. Dhahabu ya paa, hata hivyo, haikulipa madeni. Maximilian alipofika na msafara wake mwaka 1518, wenye nyumba za wageni walikataa kuwapokea watu na farasi wake kwa sababu bili za nyuma hazijalipwa. Aliondoka akiwa mgonjwa, akafariki Wels mwezi Januari 1519. Katika kanisa la Hofkirche kuna kaburi lake la fahari, likizungukwa na sanamu 28 za shaba nyeusi, lakini ndani hamna mtu. Alizikwa Wiener Neustadt.

Wageni waliolipa hawakukosekana. Mozart, akiwa na miaka 13, alifikia nyumba ya Weisses Kreuz pamoja na baba yake Desemba 1769, wakielekea Italia. Goethe alipita Septemba 1786. Alitamani kubaki, lakini hamu ya Italia haikumpa utulivu, akaendelea na safari siku hiyohiyo.

Haraka hiyo ya Goethe ndiyo iliyokuja kuwa desturi. Reli ya Brenner ilifunguliwa mwaka 1867, na safari ya siku kadhaa ikawa ya saa chache. Mwaka 1963 likafunguliwa Europabrücke, daraja la barabara kuu lenye kimo cha mita 190 hivi juu ya bonde la Wipp, kusini mwa mji. Siku hizi malori zaidi ya milioni 2 huvuka Brenner kila mwaka, na mengi hayaingii mjini kabisa. Wakazi wa bonde huachiwa kelele na moshi. Chini ya mlima linachimbwa handaki la reli la kilomita 55 kutoka Innsbruck hadi Fortezza, Italia, ili sehemu ya mizigo hiyo ihamie kwenye treni. Anayelala Innsbruck leo amechagua mwenyewe kusimama.