Kukasimu majukumu ya kitabibu (Tanzania)

Kukasimu majukumu ya kitabibu ni daktari kumwachia mtumishi mwingine wa afya kazi ambayo kwa kawaida ni yake: kushona kidonda, kuandika dawa, hata kupasua. Tanzania ilianza mapema. Mafunzo ya madaktari wasaidizi yalifunguliwa mwaka 1963. Tabibu mwenye uzoefu alisoma miaka 2 zaidi, akarudi wilayani akiwa na ruhusa ya kufanya upasuaji wa uzazi. Kwa miongo kadhaa hao ndio waliozalisha kwa kisu akina mama wengi wa vijijini. Utafiti wa Mwanza na Kigoma uliochapishwa mwaka 2009 haukuona tofauti kubwa kati ya matokeo yao na ya madaktari kamili.

Mwongozo wa Wizara ya Afya wa mwaka 2016 ulitaka anayepewa kazi awe amefundishwa na asimamiwe. Sheria ya mwaka 2017 inadai usajili kwa madaktari na wataalamu wa afya shirikishi. Wauguzi na wakunga wana baraza lao.

Katika kata kama Sepuka, wilayani Ikungi, mkoani Singida, swali si la nadharia. Upasuaji wa uzazi unahitaji angalau mshika kisu, mtoa ganzi ya uti wa mgongo, ambaye mara nyingi ni muuguzi aliyesomea, na mkunga wa kumpokea mtoto. Akikosekana mmoja, mama hupandishwa gari la wagonjwa. Mhudumu wa afya asiyesajiliwa hakasimiwi kazi hizo, ingawa kwenye zahanati zenye upungufu mpaka huo huvukwa kimyakimya.