Sauti Nyingi, Jina Moja: Makundi ya Waimbaji wa Nyimbo za Jadi Marekani, 1948–1963

Kuimba pamoja ni desturi ya kale katika kila taifa, lakini namna za kuimba si moja. Pengine watu wote hufuata sauti moja. Pengine mmoja huongoza na wengine wakapokea. Na pengine kila mmoja hushika sauti yake, ya juu, ya kati au ya chini, na sauti hizo zikapatana. Namna hii ya tatu, ambayo wanakwaya wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri, ndiyo iliyowapendeza mno Wamarekani katika miaka ya 1950 na 1960, zama za kufufuliwa kwa nyimbo za jadi.

Waliofungua njia ni The Weavers, waliojikusanya mjini New York mwaka 1948. Walikuwa wanne: Ronnie Gilbert, mwanamke mwenye sauti nzito yenye nguvu, Lee Hays, mwenye besi, Fred Hellerman, aliyeshika sauti ya kati na kupiga gitaa, na Pete Seeger, mpiga banjo aliyeweza kupaza sauti yake juu ya zote. Mwaka 1950 santuri yao ya wimbo “Goodnight, Irene” ilikaa wiki 13 mbele ya santuri zote nchini. Wimbo huo waliupata kwa Huddie Ledbetter, aliyejulikana kwa jina la Lead Belly, Mwamerika Mweusi aliyewahi kufungwa gerezani Louisiana. Yeye alikuwa amekwisha kufariki Desemba 1949, wala hakuiona fanaka hiyo.

Furaha ya The Weavers haikudumu. Wakati huo serikali ya Marekani ilikuwa ikiwaandama watu walioshukiwa kuwa Wakomunisti, na waimbaji hao walikuwa miongoni mwao. Milango ya redio na kumbi ikafungwa mbele yao, na mwaka 1952 wakatawanyika. Hata hivyo, Desemba 1955 walikutana tena katika ukumbi wa Carnegie Hall, nao ukajaa watu. Hapana shaka waliohudhuria walifuata sauti. Lakini pia walifuata kile ambacho sauti hizo zilikuwa mfano wake, yaani watu mbalimbali wanaopatana pasipo mmoja kummeza mwenziwe.

Baada yao walikuja wengi. The Kingston Trio, vijana watatu waliojikusanya California, waliuza mamilioni ya santuri za “Tom Dooley” tangu mwaka 1958. Mwaka 1961 waliungana Peter Yarrow, Paul Stookey na Mary Travers, na tarehe 28 Agosti 1963 wakaimba Washington mbele ya umati uliozidi watu 200,000, waliokuja kudai haki za Waamerika Weusi. Siku hiyo kuimba kwa kupatana hakukuwa tena pumbao la barazani, bali tamko la watu wengi.

Lakini wema wa namna hii ya kuimba ulikuwa na kivuli chake. Mahali ambapo sauti zote ni za wote, ni rahisi kusahau nani aliyeanza. Ushahidi mkubwa ni wimbo uliotoka Afrika Kusini. Mwaka 1939 Solomon Linda, Mzulu aliyehamia Johannesburg kutafuta kazi, aliimba pamoja na kundi lake la Original Evening Birds katika studio ya kampuni ya Gallo. Wimbo uliitwa “Mbube”, yaani simba. Chini yaliunguruma mabesi kadhaa. Juu yao Linda alipaza sauti nyembamba, pasipo maneno mengi. Haki ya wimbo huo ilibaki kwa kampuni, naye akapata ujira mdogo.

Miaka kama kumi baadaye Alan Lomax, mkusanyaji mashuhuri wa nyimbo, alimpa Seeger santuri hiyo. Katika kiitikio Linda na wenzake walitumia neno lenye kiambishi u-, ambacho kwa Kizulu, kama kwa Kiswahili, huonyesha nafsi ya pili. Maana yake, “wewe ni simba”. Seeger hakujua Kizulu. Sikio lake halikuweza kutenganisha kiambishi na mzizi. Lilipokea mfuatano wa sauti tu, naye akaandika “Wimoweh”. Kwa jina hilo lisilo na maana katika lugha yoyote, The Weavers waliutoa wimbo mwaka 1952. Mtungaji aliandikwa Paul Campbell, jina ambalo halikuwa la mtu, bali la kundi lenyewe. Neno lilipopoteza maana yake, mtungaji naye alipoteza jina lake.

Mwaka 1961 The Tokens waliuimba kwa maneno mapya ya Kiingereza, ukapanda hadi nafasi ya kwanza. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Mwaka 2006 tu ndipo warithi wake walipofikia mapatano ya kupata sehemu ya mapato.

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. “Malaika”, wimbo alioueneza Fadhili William wa Kenya, na ambao Miriam Makeba aliufikisha mbali duniani, hata leo hubishaniwa mtungaji wake.

Basi, si haki kuwahukumu waimbaji wa zama zile kwa kosa hili peke yake. Walirudisha heshima ya nyimbo za wanyonge, na kupatana kwa sauti zao kungali kunaburudisha. Lakini kupatana kuliko kamili huhitaji kila sauti itambulike ni ya nani. Anayeusikiliza leo wimbo wa simba, na aufurahie. Ila amkumbuke Solomon Linda, maana sauti ile ya juu ilikuwa yake.