Pikapu Inayodumu: Historia na Funzo Lake kwa Shule Yetu

Katika mkutano wetu wa mwaka huu limetolewa pendekezo la kuchanga fedha ili shule inunuliwe pikapu. Mimi naliunga mkono pendekezo hilo. Hata hivyo, kabla hatujafungua mifuko hatuna budi kujiuliza: kwa nini pikapu moja hutembea miaka 30, na nyingine hufa kabla ya kutimiza mitano? Jibu limo katika historia, na sehemu ya historia hiyo ilipita katika uwanja wa shule hii.

Magari tunayoyaita magumu yalianza kujulikana baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1948 Waingereza walionyesha Land Rover katika maonyesho ya Amsterdam. Bodi yake ilikuwa ya alumini, kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Mwaka 1968 Wajapani walitoa Toyota Hilux, iliyoundwa katika kiwanda cha Hino mjini Hamura, ikiwa na injini ya lita 1.5. Wakati huo Peugeot 404 ya Wafaransa ilikuwa imekwisha kujipatia jina huku kwetu, maana ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Nchini Kenya, Rais Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu mwaka 1973, pikapu za Peugeot zilizoezekwa nyuma zilikuwa miongoni mwa magari yaliyofanya kazi hiyo.

Siri ya uimara wa magari hayo ilikuwa urahisi wake. Hilux, kwa mfano, ilijengwa juu ya fremu ya chuma iliyo kama ngazi, na nyuma ikawekewa springi za mabamba. Fundi aliweza kufungua kabureta chini ya mwembe na kuifunga tena bila mashine yoyote. Kilichoharibika kilionekana, na kilichoonekana kilitengenezeka.

Hapa Tanzania uimara huo ulijaribiwa hasa. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, vikala akiba ya taifa. Fedha za kigeni zilipokosekana, vipuri navyo vikakosekana. Magari mengi yaliwekwa juu ya mawe kwa kukosa beringi moja au mpira wa breki tu. Yaliyoendelea kutembea yalikuwa na dereva aliyeyasikiliza na fundi aliyejua kuchonga kile ambacho duka halikuwa nacho. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, pikapu ziliingia kwa wingi. Mjini Dar es Salaam nyingine zikawa chai maharage, abiria wakiketi nyuma kwenye mabenchi wakitazamana, magoti kwa magoti.

Sisi tulioingia kidato cha kwanza mwaka 1994 tuliikuta pikapu ya shule imekwisha kupauka rangi. Kila alfajiri, kabla ya kengele, mzee wetu dereva alifungua boneti, akapima oili, akatazama maji ya rejeta, kisha akaandika katika daftari lake. Tulimcheka. Usiku mmoja wa masika mwenzetu wa bweni alizidiwa na malaria, akawa hajitambui. Gari liliwaka kwa mara ya kwanza, likavuka matope yote, na mwenzetu akafika hospitali kabla ya usiku wa manane. Tangu usiku ule hatukumcheka tena.

Mzee alipostaafu, daftari lake likageuzwa la kuandikia madeni ya chai. Haikupita miaka miwili, injini ikanoki kwa kukosa oili, na gari likawekwa juu ya mawe nyuma ya jiko. Mgonjwa aliyefuata alisukumwa juu ya baiskeli, akafika hospitali jua limekwisha kuchomoza. Alipona, lakini kwa bahati. Na shule haiwezi kuendeshwa kwa bahati.

Huenda wengine wakasema kwamba magari ya zamani ndiyo yaliyokuwa magumu. Sivyo. Nchini Marekani, mtu mmoja wa Louisiana alinunua Toyota Tundra ya mwaka 2007, na kufikia mwaka 2016 pikapu hiyo ilikuwa imetembea maili 1,000,000, yaani kiasi cha kilometa 1,600,000. Hiyo ni sawa na kuizunguka dunia mara 40. Injini ilikuwa ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ni kweli kwamba safari zake zilikuwa ndefu, juu ya lami nzuri. Lakini pia aliipeleka gereji kufanyiwa matengenezo zaidi ya mara 100. Kiwanda kilimpa gari zuri. Umri wa gari hilo aliuongeza mwenyewe.

Katika utumishi wangu serikalini nimeketi mara kadhaa katika kamati za kufuta magari chakavu. Nimeona magari ambayo hayajafikisha hata kilometa 150,000 yakiuzwa kama vyuma. Kila nilipouliza daftari la matengenezo, niliambiwa halionekani.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, katika kila shilingi 100 tutakazochanga, 20 ziwekwe akiba kwa ajili ya oili, matairi na vipuri. Pili, gari liwe na dereva mmoja na daftari moja, na Mkuu wa Shule alitie sahihi kila mwisho wa mwezi. Tatu, wanafunzi wa Fizikia wafundishwe kulikagua, ili elimu ya darasani ipate mahali pa kufanyia kazi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Pikapu ya zamani bado ipo nyuma ya jiko, nyasi zimeota hadi dirishani. Kabla ya kutoa mchango wake, kila mmoja wetu na aende kwanza akaitazame.