Cut: Amri fupi ya kuchopoa safu katika faili

CUT ni amri ya tarakilishi inayochopoa safu moja au zaidi kutoka kwa faili ya maandishi na kuziacha nyingine. Haina dirisha wala vitufe vya kubonyeza. Mtumiaji huiandika kwenye mstari wa amri. Ilitokea katika System III, toleo la mfumo wa Unix lililotolewa na kampuni ya Marekani ya AT&T mapema miaka ya 1980, na hadi leo imo katika Linux na tarakilishi za Apple.

Mtumiaji hutaja kitenganishi cha safu kwa -d, kisha nambari ya safu anayoitaka kwa -f. Mathalani, katika Linux, faili ya /etc/passwd huorodhesha watumiaji na kutenga safu zake kwa nukta mbili. Amri cut -d: -f1 /etc/passwd itatoa majina pekee, moja kwa kila mstari. Faili yenyewe haiguswi. Kitenganishi kisipotajwa, cut huchukulia kuwa ni tab.

Tatizo ni kwamba cut huhesabu vitenganishi tu, haielewi maana. Tuseme mwalimu ana orodha ya mtihani iliyotengwa kwa koma: nambari ya mtahiniwa, jina, alama. Baadhi ya majina yameandikwa ndani ya alama za usemi, jina la ukoo likitangulia, kisha koma, kisha jina la kwanza. Cut haizitambui alama hizo za usemi. Akiomba safu ya 3, mahali pa alama za mtahiniwa patatokea jina lake la kwanza, na wala hataonywa. Katika orodha ya watu 40 kosa hilo litaonekana. Katika ya watu 40,000 huenda likapita.

Vilevile, mstari usio na kitenganishi hutolewa mzima, ila -s ikiongezwa. Anayeandika -f3,1 akidhani atabadilisha mpangilio atapata safu ya 1 kwanza, kama ilivyo katika faili.

Kazi hizo zaifaa awk, iliyobuniwa mwaka wa 1977 na Alfred Aho, Peter Weinberger na Brian Kernighan katika maabara ya Bell. Awk hupanga safu upya, na nafasi kadhaa zilizofuatana huzihesabu kuwa moja. Tangu 2023, matoleo yake mapya huzisoma sawasawa hata koma zilizo ndani ya alama za usemi, mradi --csv itajwe.