Nyoka Ukutani, Mtu Duarani

Mwaka 1953 Hans Cory alichapisha kitabu kuhusu michoro ya ukutani ya Buyeye, chama cha wacheza nyoka wa Usukuma na Unyamwezi. Ndani ya nyumba walimofundwa wanachama, kuta zilipakwa rangi nyeupe, nyeusi na nyekundu ya udongo. Nyoka, mizimu na watu waligawana ukuta mmoja, na nyoka aliweza kumpita mtu kwa urefu.

Asiyefundwa atasema mchoraji hakujua vipimo. Mimi naamini alivijua sana. Ukutani pale ukubwa ni uwezo: nyoka katanuka kwa sababu ana sumu, na mtu kasimama mbele yake kwa sababu ana dawa.

Salvador Dalí, msurealisti wa Hispania, alipita njia nyingine. Picha yake ya mwaka 1931, yenye saa zilizolegea kama nguo kwenye kamba, ina sentimita 24 kwa 33 tu. Majabali ya Catalonia kwa nyuma yana mwanga na umbali wa kweli. Kilichokosekana ni mtu kamili: umebaki uso mlegevu, umelala chini bila kiwiliwili. Basi jicho halina pa kuanzia kupima. Ufuo ule ni wa hatua kumi au wa safari ya siku nzima? Ndoto huingilia hapo.

Sasa tuzipeleke njia hizi mbili migodini Geita. Kwenye mgodi mkubwa wa shimo la wazi, lori ambalo tairi lake linampita mtu kimo huonekana kama siafu ukilitazama kutoka ukingoni. Dereva wake haonekani kabisa. Kwa wachimbaji wadogo mambo ni kinyume: mtu hushuka duarani, yaani shimo lake jembamba, kwa kamba, mgongo ukigusa ukuta mmoja, miguu ikikanyaga wa pili. Duara limekatwa kwa kipimo cha mwili wake.

Dalí angelichora shimo la wazi, na upweke wa shimo hilo ungetutisha. Mchoraji wa Buyeye angeuliza kwanza: nani yuko hatarini, na ana dawa gani? Wasukuma husimulia Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote, na kijana Masala Kulangwa aliyewakomboa. Kwa Kisukuma masala ni akili, nayo ndiyo dawa yake. Kwa kanuni hiyo ya Buyeye, mandhari ya Geita ningeipanga hivi: duara liwe kubwa kuliko shimo, na aliyeshika kamba ya mchimbaji juu, ambaye ndiye dawa yake, achorwe mkubwa kuliko vyote.