Kutoka Posho ya Wapagazi Hadi Kikokotoo

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Saadani kwenda Mpwapwa na Unyamwezi ilipanda milima ya Ukaguru na kupita Mamboya, kata ambayo leo imo katika Wilaya ya Kilosa. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na chakula chake cha njiani kiliitwa posho. Mara nyingi alilipwa kwa vipande vya nguo, akavibadilisha kwa nafaka vijijini. Mwenye msafara alipopunja posho au kulazimisha mwendo mrefu kupita kiasi, wapagazi walibwaga mizigo na wanyampara wao wakaenda kuzungumza. Mzigo haukunyanyuliwa hadi mapatano yafikiwe. Hapakuwa na katiba wala kadi ya uanachama, lakini mambo mawili yanayobeba kila chama cha wafanyakazi yalikuwapo tayari: umoja wa wanaofanya kazi na mtu wa kuwasemea.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Ilipita Kilosa mjini, na njia ya misafara ikafifia. Sasa kazi ya mshahara ilikuwa kwenye reli, kwenye mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba, na kwenye ofisi za serikali. Huko ofisini ndiko lilikozaliwa swali la masilahi ya mtumishi wa umma.

Mwaka 1922, mjini Tanga, karani Martin Kayamba aliwakusanya wenzake wakaanzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika, kilichojulikana kwa kifupi kama TTACSA. Kilianza kwa upole: chumba cha kusomea magazeti, michezo, na barua za heshima kwa wakubwa. Hata hivyo makarani wa makabila na dini mbalimbali walikaa meza moja kama waajiriwa wa mwajiri mmoja, na hilo lilikuwa jambo jipya. Watumishi wa aina hiyo ndio waliokuwa mstari wa mbele chama cha African Association kilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1929.

Malalamiko yao yalikuwa na msingi. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Tume ya Holmes iliyochunguza mishahara ya serikali za Afrika Mashariki ilipendekeza kwamba Mwafrika anayefanya kazi ileile ya Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu huyo, yaani shilingi tatu pale mwenzake alipopata tano. Cheo kimoja, wajibu mmoja, mishahara miwili. Tume ya Lidbury ilikuja kuuondoa utaratibu huo mwaka 1954, lakini Wazungu waliendelea kupewa nyongeza maalumu kwa hoja kwamba wametoka mbali.

Kabla ya hapo, Septemba 1947, wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasafiri kwa njia ya reli kuelekea bara. Uliishia kwa nyongeza kubwa ya mishahara. Mwaka uliofuata makuli hao wa bandari wakawa na chama chao, na Abdulwahid Sykes akawa katibu wake. Baada ya mgomo mwingine mwaka 1950, serikali ikakifuta.

Watumishi wa serikali nao walikuwa na chama kipya, TAGSA. Rashidi Kawawa alipanda humo hadi kuwa rais wake. Mwaka 1953 serikali ilipiga marufuku watumishi wake kujiunga na siasa, kwa hiyo chama cha kazi kikabaki mlango pekee uliokuwa wazi kwao. Shirikisho la wafanyakazi, TFL, lilipoundwa mwaka 1955, Kawawa akawa katibu mkuu, na mwaka uliofuata akaacha ajira ya serikali.

Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli, wakiongozwa na Kasanga Tumbo, waligoma kwa siku 82. Uhuru ulikuwa umekaribia, na swali zito likajitokeza: je, serikali ya wananchi ikishika hatamu, mfanyakazi bado atahitaji chama kilicho huru nayo? Tumbo na wenzake walijibu ndiyo. Serikali mpya iliona nchi maskini haiwezi kubeba migomo. Sheria za mwaka 1962 zilibana haki ya kugoma na kuwazuia watumishi wa umma wenye mshahara unaozidi pauni 702 kwa mwaka kuwa wanachama. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama waliwekwa kizuizini. Februari, TFL ikavunjwa na NUTA ikaanzishwa, katibu mkuu wake akiteuliwa na Rais. Michael Kamaliza alishika nafasi hiyo huku akiwa waziri mwenye dhamana ya kazi.

Haki inadai tuseme kwamba miaka hiyo haikuwa ya hasara tupu. Mfuko wa akiba ya wafanyakazi ulianzishwa mwaka huohuo wa 1964, na usalama wa ajira ukawekewa sheria. Lakini mtu mmoja alikaa pande zote mbili za meza ya majadiliano. NUTA ikawa JUWATA, kisha OTTU, na miaka ya 1990 vyama vya kisekta vikarudi: CWT cha walimu, TUGHE cha watumishi wa serikali na afya, TALGWU cha serikali za mitaa. TUCTA ndiyo mwavuli wao.

Vyama hivyo vilipimwa na suala la kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu. Tuchukue mtumishi aliyefanya kazi miaka 30, wastani wa mshahara wake ukiwa milioni moja kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya mifuko ya pensheni ya PSPF na LAPF, alilipwa mkupuo wa shilingi milioni 62 na pensheni ya takribani 333,000 kila mwezi. Mwaka 2018 mifuko iliunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya ikashusha mkupuo hadi asilimia 25 ya mafao. Vyama vikapiga kelele, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akaisitisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33: mtumishi yuleyule akawa anapata mkupuo wa takribani milioni 30.7, na 416,000 kwa mwezi. Manung'uniko hayakwisha. Bajeti ya Juni 2024 ikapandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa waliokuwa kwenye kanuni ya zamani ya asilimia 50, sawa na takribani milioni 37.2. Kwa upande wa mishahara, Mei Mosi 2025, huko Singida, kima cha chini cha mshahara wa serikali kilitangazwa kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000.

Hakuna hata moja ya hatua hizi iliyotokana na huruma ya mwajiri peke yake. Mwalimu wa Mamboya na muuguzi wa zahanati, ambao ada ya chama hukatwa kwenye mishahara yao kila mwezi, wana haki ya kujua inafanya kazi gani. Nendeni kwenye mikutano ya matawi, someni kanuni za mafao yenu kabla ya kustaafu, na mchague viongozi wanaoweza kuketi mbele ya mwajiri bila kumtegemea. Chama kisichoulizwa na wanachama wake huishia kuwa cha mwajiri.