Kurudi kwa Do-Re-Mi: Historia Fupi ya Kwaya Yetu

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha kwenye Jubilei hii ya Fedha. Miaka 25 si haba. Wapendwa, tumeona tuwasimulie jambo moja lililotujenga kuliko sare mpya na vipaza sauti: kurudi kujifunza solfa tukiwa tayari waimbaji wazoefu.

Kwaya hii ilianza bila karatasi. Mwalimu aliimba mstari, sisi tukaufuata. Soprano, alto, tena na besi, kila mmoja akashika sauti yake kwa sikio. Hivyo ndivyo tulivyoimba ibadani, harusini na mazishini, hapa Sisibo na vijijini. Lakini wimbo ulikaa kichwani mwa mtu. Mwenzetu akihamishwa kikazi, au Bwana akimwita, aliondoka nao. Zipo nyimbo zetu wenyewe ambazo leo tunayo maneno yake, ila besi hakuna anayeikumbuka.

Ndipo mwalimu alipoandika ubaoni d, r, m, f, s, l, t. Wazee wa kwaya hawakufurahi. "Miaka yote hii tumeimba, leo turudishwe nasari?"

Kumbe solfa ilikuzwa kwa ajili ya watu kama sisi. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, alifundishia watoto kuimba kwa njia hiyo. Mwaka 1841 mchungaji John Curwen alipewa kazi ya kutafuta njia rahisi ya kufundisha uimbaji makanisani. Yeye mwenyewe, mtu mzima, alikuwa ametatizika kusoma muziki. Akaichukua njia ya Glover, akajifunza nayo, akaiendeleza. Wamisionari wakaileta Afrika.

Wala si aibu kwa mzoefu kurudi darasani. Mwaka 1828, jijini Vienna, Franz Schubert alikuwa na miaka 31 na nyimbo zaidi ya 600, akamwendea mwalimu Simon Sechter kujifunza kanuni za kupanga sauti. Alipata somo moja tu, akafariki Novemba hiyo hiyo. Katika jiji hilo hilo, mwaka 2019, jirani yetu Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40, kisha akarudi Kaptagat kwenye mazoezi yale yale. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Tulipotulia tulielewa mengi: kwa nini wimbo usio na kinanda huteremka pale "mi" na "ti" zinapolegea, na jinsi kistari kinavyoidai pumzi hadi pigo litimie. Wale wazee ndio sasa wanaowasomesha vijana wetu.

Nyimbo tunazowaimbia leo zote zimeandikwa. Bado zipo za zamani zisizo na karatasi. Ikiwa unakumbuka sauti yoyote, hata moja, tafadhali tuone baada ya ibada, uimbe, nasi tuiandike.

Mungu awabariki.

Katibu wa Kwaya